Tangazo Lilikuwepo

Buhongwa, Jumanne alasiri

Kabula mwanangu,

Umeondoka hapa saa nane kwenda kusukwa, na huyo msusi wako ninavyomjua kwa maneno mengi, hatakuachia kabla ya saa kumi na mbili. Muda huo unanitosha. Nimekaa kwenye meza ya chakula, nimesogeza pembeni mfuko wa karanga aliokufungia mama yako, na ninaandika kwa mkono kwa sababu nikiandika kwenye simu nitafuta. Nimeshafuta mara tatu tangu Jumapili.

Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitaziandika. Mama yako amezimaliza, na zilizobaki shangazi zako wamezirudia kwa simu mpaka ukaweka simu juu ya kabati ukawaacha waongee na ukuta. Mimi nina jambo moja tu. Tangu Jumapili unanijibu "ndiyo baba", "hapana baba", na kesho alfajiri unapanda basi la Dar es Salaam. Sitaki uondoke na lile jibu nililokupa mezani.

Ulifungua kompyuta yako kati ya ugali na bakuli la sato, ukasema, "Baba, njoo uwaone waajiri wangu." Nikaona ukurasa mweupe, maandishi meusi, orodha ya mikoa, namba za simu za mawakala, na juu kabisa mistari mitano myekundu. Hakuna picha hata moja. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. "Kampuni inauza mbegu nchi nzima, ina hela mpaka haijui izipeleke wapi, halafu tovuti yenyewe kama tangazo la msiba lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme." Mdogo wako Masanja akacheka, mama yako akacheka, na kusema kweli hata mimi mdomo ulitaka kunicheza. Kisha ukanionyesha ya kwako uliyoitengeneza, ile yenye shamba la mahindi linalopepea na namba zinazojihesabu zenyewe. Ukasema wiki ya kwanza tu utawaonyesha wakubwa.

Nikasema, "Funga hiyo takataka tule."

Ukafunga. Ukaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, una wivu, kwa sababu wewe kazi hii ilikushinda." Mama yako akakukemea, mimi nikaendelea kula na samaki akawa hana ladha yoyote. Maneno yako yalinichoma, lakini kitu nilichokuwa nacho siku ile hakikuwa wivu. Ilikuwa hofu, na ina jina la mtu unayemfahamu.

Umekua ukiambiwa kwamba niliacha kutengeneza tovuti kwa sababu ya macho, nikafungua duka la kuchapa kadi za harusi pale Kirumba. Macho yangu hayana tatizo. Umekua pia ukiambiwa kwamba Mjomba Majura, kaka wa mama yako, ni mtu wa kiburi, alikosana na kiwanda cha samaki kwa uzembe wake, akaona aibu, akatususa. Hadithi hiyo niliitunga mimi. Nimemwambia mama yako ukweli leo saa saba mchana, ulipokuwa unaoga. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua ndoo, akatoka uani. Mpaka sasa hajarudi ndani.

Ulikuwa darasa la tatu. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa tovuti mjini hapa, au hivyo nilijiona, na nilivaa shati la mikono mirefu hata kwenye jua la Januari. Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, tajiri kuliko vyote ufukweni, kilikuwa na ukurasa wa ajabu. Mweupe, maandishi meusi, tarehe ya leo juu, na chini yake mstari mmoja au miwili ya herufi kubwa: TUNAPOKEA. BOTI INATOKA SAA KUMI NA MOJA. Basi. Magari ya kiwanda yalikuwa mapya, mkurugenzi alikuwa akisafiri Ulaya kama mimi ninavyokwenda Igoma, na ukurasa ulikuwa huo. Nilikuwa nikiwaonyesha rafiki zangu na tunaucheka kama wewe ulivyocheka. Nikaomba kuonana na meneja. Nikamwambia wageni wake wa ng'ambo wakiona ukurasa ule watadhani wanafanya biashara na duka la pembeni. Akaona aibu. Nilifurahi kumwona akiona aibu, na hilo lingenitosha kujua kwamba nimekwenda pale kwa sababu mbaya.

Ukurasa ule ulikuwa unaandikwa na karani mmoja wa mapokezi, mama wa Kihaya, Mama Anitha. Zamani alikuwa anawapigia simu mawakala wa visiwani mmoja mmoja kuwaambia kama boti itakuja. Huyu hapatikani, yule anamkatia, wa tatu anadai hakuambiwa. Mpwa wake akamtengenezea huo ukurasa, na tangu hapo kila siku saa tano alikuwa anaandika mstari wake, na mawakala wanaufungua. Walikuwa na kanuni yao, haijaandikwa popote: kama hakuna neno jipya, kazi inaendelea.

Nilipomwambia kwamba sasa kutakuwa na tovuti ya kisasa, hakubisha. Alinitazama juu ya miwani. "Mwanangu, hao watu wanausoma wamesimama juu ya jiwe."

Nilidhani ni methali ya kwao. Nikatabasamu kwa adabu. Hata sikumuuliza jiwe gani.

Jiwe lilikuwa jiwe kweli. Mjomba wako alikuwa wakala wa kiwanda kwenye kisiwa kimoja nyuma ya Ukerewe. Alikuwa anakusanya sangara kwa wavuvi, anawahifadhi kwenye barafu ya siku moja, na boti ya kiwanda inakuja kuwachukua na kumwachia barafu nyingine. Mtandao kisiwani ulikuwa unashika mahali pamoja tu, juu ya mwamba ulio nyuma ya kambi. Saa sita mchana mawakala na watu wao walikuwa wanapanda pale na visimu vyao vya kubonyeza, wananyoosha mikono juu, na ukurasa wa Mama Anitha unafunguka. Haukuwa na kitu cha kuuzuia.

Mimi nikatengeneza wa kwangu. Nikaweka picha kubwa ya ziwa asubuhi, mvuvi anacheka, kisha picha inaondoka inakuja ya mitambo, kisha ya akina mama wenye makoti meupe. Matangazo ya boti niliona yanaharibu sura. Nikayapeleka ndani, unabofya Habari, kisha Matukio, kisha unashuka chini. Pale ofisini kwa meneja ulifunguka vizuri, na wote wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikakubeba begani nikazunguka nawe uani. Labda unakumbuka.

Siku ya tatu baada ya hapo, mjomba wako akanipigia. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya dada yake, akakuulizia wewe. Kisha akasema, "Shemeji, huo ukurasa wako mpya huku haufunguki. Naona kipande cha picha tu, halafu kiduara kinazunguka."

Nikacheka. Nikamwambia, "Shemeji, nunua simu nzuri, dunia imebadilika."

Naye akacheka, kwa sababu nilikuwa shemeji yake. Tukaagana. Sikuufungua ule ukurasa kwenye simu ndogo hata mara moja. Pale kwenye duka langu la wakati ule, nilikotengeneza pia simu, palikuwa na simu ndogo nne kwenye droo, za wateja, zinangoja betri.

Wiki iliyofuata mitambo ya baridi ya kiwanda ikahitaji kutengenezwa, na Alhamisi Mama Anitha akaniletea karatasi niiweke kwenye tovuti: kuanzia kesho hadi Jumapili hatupokei samaki, boti haitakuja. Akaniuliza, "Niwapigie na simu pia?" Nikamwambia hakuna haja, mama, liko hewani tayari. Na kweli lilikuwa hewani.

Majura alipanda juu ya mwamba akafungua ukurasa, akapata jina la kiwanda na nusu ya uso wa mvuvi anayecheka. Hakuona neno lolote. Akafuata kanuni yao, akashuka, akawaambia wavuvi walete. Wakaleta, na ilikuwa siku ya samaki wengi kweli. Ijumaa boti haikuja. Akadhani imechelewa, akafunika samaki kwa magunia yaliyolowa. Jumamosi barafu ilikuwa maji. Alipakia kwenye mitumbwi akavuka mwenyewe mpaka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, na walipofika harufu ilikuwa imetangulia. Wavuvi wa kile kisiwa walikuwa wamemkabidhi samaki wao kwa kumwamini yeye, na ni yeye waliyemgeukia.

Mawakala wengine wawili waliharibikiwa kama yeye. Wakalalamika, na Jumatano kiwanda kikaitisha kikao.

Hapa ndipo nataka usome polepole. Nimekuwa nikilikimbia jambo hili miaka yote uliyokaa nyumba hii.

Meneja alifungua tovuti yangu ukutani kwa ile mashine ya kumulikia. Ikafunguka nzuri, mvuvi akacheka ukuta mzima. Akabofya Habari, akabofya Matukio, akashuka chini, tangazo hilo hapo. Akanigeukia. "Fundi, tangazo hili lilikuwepo siku ile, au limebandikwa baadaye?"

Nikasema, "Lilikuwepo."

Ningeweza kuongeza neno moja. Lilikuwepo, lakini wasingeweza kuliona. Ni sentensi fupi. Lakini mkurugenzi alikuwa ameahidi kunitambulisha kwa wenzake wenye viwanda, na mawakala walikuwa wamekaa wananitazama na nguo zao za ziwani, na mimi nina shati jeupe. Nikafunga mdomo.

Mjomba wako akasimama, kofia mkononi. Hakunifokea. Alisema, "Shemeji, mimi nilikupigia."

Meneja akauliza, "Alikupigia kuhusu hili?"

Nikasema, "Alinipigia kunisalimia."

Kabula, niliyasema maneno hayo nikimtazama usoni. Na yeye angeweza kunimaliza pale pale. Wenzake wawili waliokuwa wamekaa pembeni yake walikuwepo juu ya mwamba siku aliponipigia, walisikia kila kitu. Mmoja aliinuka nusu. Majura akamshika mkono akamkalisha. Unajua watu wa kwao mama yako walivyo: mume wa dada yako humwaibishi mbele za watu, hata akikukosea namna gani. Utamwita pembeni au utamngoja nyumbani, lakini barazani utamfunika. Akanifunika. Akasema, "Ni kweli. Nilimsalimia." Akavaa kofia yake, akakaa.

Uwakala wakamnyang'anya jioni ile ile. Waliandika kwamba ameshindwa kufuata taarifa za kiwanda.

Alinisubiri nyumbani kwake wiki nzima, niende nikamwambie pembeni kile nilichokataa kusema barazani. Najua alinisubiri kwa sababu bibi yako, mama mkwe wangu, alinituma nimpelekee dawa, akasema, "Nenda wewe, anakungoja." Nikamtuma mtu mwingine. Mama yako alipomwuliza kaka yake kuna nini, alimjibu, "Muulize mumeo." Aliponiuliza, nikamwambia kaka yake hakusoma tangazo na sasa anatafuta wa kumlaumu. Akaniamini. Akaenda akamgombeza kaka yake kwa ajili yangu, maneno makali, ya ndugu kwa ndugu, na Majura hakujitetea. Tangu siku hiyo hawajala pamoja. Kwenye msiba wa bibi yako ulimwona amekaa upande wa wageni, ukaniuliza kwa nini mjomba anakaa mbali, nikakwambia ndivyo alivyo. Ulipomaliza chuo ulimwandikia mwaliko kwa mkono wako, na hakuja, ukalia. Nilikufuta machozi mimi mwenyewe. Kwa hilo nina aibu kuliko la kikao.

Kiwanda hakikunitambulisha kwa mtu yeyote. Baada ya miezi miwili walirudisha ukurasa mweupe wa Mama Anitha, kimya kimya, na tovuti yangu ikazimwa. Hakuna aliyenipigia kuniambia. Niliufungua siku moja nikakuta TUNAPOKEA. BOTI INATOKA SAA KUMI NA MOJA. Nikafunga kompyuta, na kazi hiyo nikawa nimeimaliza.

Nimefikiri sana kwa nini nilichukia ukurasa ule. Nadhani nilitaka utajiri uonekane, ili mimi niliyeusogelea nionekane pia. Ukienda mnadani huko kwetu, kijana mwenye mbuzi wawili ndiye mwenye suti na miwani ya jua. Mzee mwenye ng'ombe wanaojaza bonde anavaa katambuga za matairi na koti lililopasuka kwapani, na wanunuzi wote wanamzunguka yeye. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikitembeza kitu ambacho kilikuwa kinajiuza bila shida yoyote.

Lakini usinielewe kwamba kila ukurasa mbovu una hekima ndani yake. Ziko kampuni kubwa ambazo fundi wao alikufa na nywila kichwani, na hawana habari, kwa sababu pesa zinaingia hata wakilala. Wengine hawajali wanaosoma. Kwa hiyo inawezekana waajiri wako wanastahili kuchekwa, na inawezekana mahindi yako yanayopepea ndiyo dawa yao. Siwajui. Wewe ndiye utakayewajua, na una akili kuliko mimi, hilo nilishalikubali ulipokuwa kidato cha pili.

Ila jana niliazima simu ya mama yako, ile yenye kioo kilichopasuka, nikaenda nayo nyuma ya kile kilima cha mawe ambako mtandao unakufa, nikafungua ukurasa wao. Ulifunguka kabla sijamaliza kukohoa. Nikasoma ile mistari myekundu uliyoicheka. Ni namba za mifuko ya mbegu bandia, mwanangu. Wanawaambia wauza pembejeo wa vijijini ni mfuko gani wasimpe mkulima. Kisha nikafungua ya kwako. Nilikaa juu ya jiwe nikingoja mpaka mchunga mbuzi mmoja akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Hilo la kurekebisha utalirekebisha kwa siku mbili, mkono wako ni mwepesi. Ninaloliogopa ni jingine. Siku moja utakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, kitu ulichokitengeneza kimemwumiza mtu aliye mbali, na mkubwa wako atakugeukia akuulize swali lenye jibu fupi. Jibu hilo litakuwa la kweli na litakuokoa. Sikufundishi la kusema. Nakwambia tu kwamba mimi nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nne, nina mke na mtoto, nakwenda kanisani, na nilidhani nikikutana na jaribu kubwa nitalitambua. Lilikuja likiwa na sura ya swali dogo la ofisini, na likapita kabla sijajua kwamba ndilo.

Mama yako ameingia sasa hivi. Amesimama mlangoni na ndoo tupu, macho mekundu. Amenitazama ninavyoandika. Ameuliza, "Majura anajua kwamba Kabula anaondoka kesho?" Nimemwambia hajui. Akasema, "Mjomba wake hajui." Amekwenda chumbani akafunga mlango. Sijui usiku huu nitaongea naye nini, na sijui kama ataongea na mimi. Ukirudi na ukakuta nyumba imenyamaza, usiogope, na usimwulize kitu. Barua hii nitakupa mkononi, ukaisomee chumbani kwako.

Mjomba wako siku hizi yuko Usagara, pale njia panda, anauza pumba na chakula cha kuku kwenye kibanda kinachotazama barabara. Basi lako litasimama pale kupakia abiria. Nimekwenda stendi leo asubuhi nikaongea na kondakta, amekubali nipande kesho mpaka hapo. Kama ukishasoma hutaki nikae karibu nawe, nitasimama mlangoni na kondakta, sitanung'unika.

Tukifika nitashuka. Wewe usishuke na usinitetee. Ukitaka kumpungia mkono mpungie, ni mjomba wako na hukumkosea kitu. Nilikuwa nimepanga nimwite pembeni, ndani ya kibanda, tuzungumze kiume. Lakini nimewaza tena hapa mezani. Yeye alinifunika mbele za watu, na mbele za watu ndiko alikopotezea jina. Kwa hiyo sitamwita pembeni. Nitasimama nje ya kibanda chake, mbele ya abiria na wauza mahindi na yeyote atakayekuwepo, nitamwamkia, kisha nitasema kwa sauti ambayo wewe utaisikia kwenye dirisha la basi kwamba Majura alinipigia simu, na hakunipigia kunisalimia.

Baba yako